Wekundu wa Msimbazi Waendao Siberia

Nianze kwa kujitambulisha, msomaji wangu, usije ukadhani unasoma makala ya mtaalamu. Mimi ni mpiga picha za harusi. Jumamosi zangu ni za maharusi, send-off, kipaimara na kichen pati, na mpaka mwaka 2023 ndege kwangu walikuwa wa aina tatu tu: kuku, kunguru na ile ya Air Tanzania. Leo ukinikuta pale Salenda nimelala kifudifudi kwenye mchanga, kamera mbele, tope mpaka kidevuni, usiseme jamaa karogwa. Nina akili zangu timamu. Ila nina kisa.

Mwaka huo 2023, kama unakumbuka, Kwaresima na Ramadhani zilipandana. Kwaresima iliingia Februari, na kabla Wakristo hawajamaliza, Ramadhani nayo ikabisha hodi mwishoni mwa Machi, ikaenda mpaka baada ya katikati ya Aprili. Huku hawaoi, kule hawaoi. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni njaa ya kitaifa. Mwanzoni mwa Machi nilipata wateja wawili tu, wachumba waliotaka picha za kuweka kwenye kadi za michango. Tukaenda ufukweni, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 likionekana kwa nyuma. Maji yalikuwa yanajaa. Kwenye ulimi wa mchanga uliobaki mkavu walikuwa wamejikusanya ndege wadogo wa kijivu, kama 200 hivi.

"Kaka, nataka wale waruke nyuma yetu," bibi harusi mtarajiwa akasema. "Kama kwenye sinema."

Mteja ni mfalme. Palikuwa na watoto wanacheza mpira, nikampa dogo mmoja buku, nikamwambia kimbia katikati yao. Akakimbia. Jamani! Wale ndege walinyanyuka kwa mpigo mmoja, wakageuka hewani wote wakawa weupe, wakageuka tena wakawa wa kijivu, kama mtu anakung'uta kanga. Bibi harusi akapiga kelele kwa furaha. Ila alikuwa amefumba macho, ikabidi turudie. Safari ya pili bwana harusi kakohoa. Ya tatu shela limeruka. Kufika mara ya saba wale ndege wakavuka upande wa pili na hawakurudi tena.

Chini ya mkungu alikuwepo mzee mmoja anashona nyavu.

"Umemaliza, kijana?"

"Shikamoo, mzee. Nimemaliza."

"Marahaba. Maana ulikuwa unawashushia watu shehena yao." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Hao wanapakia. Jahazi likipakia, wewe unashusha, likipakia, unashusha. Litaondoka lini? Nayo kaskazi inakufa hii."

Nikacheka, nikakunja stendi yangu, nikaenda zangu. Wazee wa pwani na mafumbo yao.

Usiku nikawa nazisafisha picha kwenye kompyuta. Kazi ya harusi inakufundisha kutafuta madoa: shela lenye alama ya vidole, shati la bwana harusi lenye jasho kwapani. Nikaivuta picha karibu. Nyuma ya bega la bibi harusi, ndege mmoja alikuwa na doa jekundu tumboni, kana kwamba kamwagikiwa na mchuzi wa nyanya. Nikadhani kaumia. Nikamvuta mwingine, naye analo. Wa tatu, shingo nzima. Nikasema hapa pana jambo.

Jumatatu nikarudi peke yangu. Nilikuwa nimeazima lenzi ya milimita 300 kwa mshikaji wangu anayepiga picha za mpira, na kwa mtu mwingine kitabu cha ndege. Kazi sina, muda ninao.

Kumbe wale wanaochakarika topeni, ambao wengi wetu tunawaita kitwitwi wote kwa jumla bila kuwabagua, si wakazi. Ni wageni. Yule wa mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea, anazaliwa Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, kwenye rasi ya Taimyr na jirani zake, ambako ardhi ya chini ni barafu mwaka mzima. Toka Dar mpaka huko ni zaidi ya kilomita 9,000. Na msafiri mwenyewe ana gramu 60 hivi. Ukienda dukani ukanunua robo kilo ya sukari, umebeba ndege wanne.

Machi, wakati sisi tunatafuta miavuli kwa sababu ya masika, kule kaskazini ya dunia ndiyo kwanza majira ya kuchipua yananusa mlangoni. Theluji ya Taimyr yenyewe inangoja mpaka Juni kuyeyuka, lakini mwenye safari ndefu haanzi kufunga mizigo siku ya basi. Anajiandaa huku huku kwetu. Kwanza anabadili manyoya: kijivu kinatoka, wekundu kama wa kutu unaingia, kidogo kidogo, tumbo, kifua, shingo. Yale madoa ya mchuzi wa nyanya ndiyo hayo. Pili, anakula. Anakula kama mtu aliyeingia harusini bila kuchangia. Minyoo ya topeni, vikaa, vikonokono, hachagui. Mafuta yanajaa chini ya ngozi mpaka zile gramu 60 zinakuwa 80 na ushee. Waliowachunguza ndege wa jamii hii wamekuta kwamba wengine, safari ikikaribia, firigisi na utumbo husinyaa, wakati misuli ya kifua ya kurukia inanenepa. Yaani mwili wenyewe unapunguza vyombo vya jikoni ili uongeze injini.

Sasa ndipo fumbo la mzee liliponiingia. Meza ya hawa ndege inafunguliwa maji yakipwa na kufungwa yakijaa, iwe mchana iwe usiku, maana hula hata gizani. Maji yakijaa wanapumzika, ili kile walichokula kigeuke mafuta. Halafu anatokea jamaa na wachumba wake, anawarusha mara saba. Kila kuruka ni kuchoma akiba. Nilijiona kama mwizi wa michango.

Nikamrudia mzee, nikamkuta pale pale na nyavu zake. Hakunisema. Alinionyesha ndege mwingine, mkubwa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo. "Yule mla kaa," akasema. "Huyo anatangulia. Anashika njia ya Arabuni."

Na ni kweli tupu. Huyo hazaliani Siberia. Anazaliana pembezoni mwa Bahari ya Sham, Oman na Ghuba, na ndiye pekee katika ukoo wake, hana binamu duniani. Hajengi kiota kama ndege wa kawaida. Anachimba shimo mchangani kama hao kaa anaowala, anataga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga linamsaidia kulipasha. Mtoto wake ni kiboko. Atafika hapa Afrika amekuwa mkubwa sawa na mzazi, bado anamfuata nyuma nyuma akililia kaa. Mzee alikuwa na maelezo yake kuhusu safari hiyo, yeye aliyelelewa na baba baharia: majahazi ya Arabuni yalikuja huku na kaskazi, yakarudi na kusi, na baina yake kuna maleleji, upepo haujui unakwenda wapi, watu wanapakia na kusubiri. Ndege nao ni abiria wa upepo ule ule. Sikupata kusikia hilo shuleni, nami nimesoma jiografia mpaka kidato cha nne.

Nikawa mtu wa Salenda. Kuhusu upigaji picha nilianza kama mjinga yeyote: nawafuata. Ukimfuata ndege unapata picha ya mgongo, basi. Tena nilikuwa nakwenda asubuhi, na asubuhi pwani yetu jua linatoka baharini, linakuja usoni kwako, ndege wote wanaonekana weusi kama kunguru. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba bosi wa shughuli hii ni bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Dar hupwa saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni na ushee, na tofauti ya kina yaweza kuzidi mita 3. Maji yakishapwa ndege wako huko mbali, unaona nukta tu. Kwa hiyo unakwenda saa saba au nane mchana, unachagua pale unapoona mchanga utabaki mkavu mwishoni, unalala chini, unatulia. Jua limeshakupita utosini, limekaa mgongoni kwako. Maji yanapanda, na yanakuletea ndege wenyewe, hatua kwa hatua, mita 40, mita 20, mita 10. Ukisimama wewe ni adui. Ukilala, unakuwa gogo.

Harufu je? Msimbazi unabeba uchafu wa jiji, sitakudanganya. Nilisema nitaizoea siku ya pili. Siku ya nne nikaanza kuja na barakoa zangu za mwaka 2020.

Siku moja nikiwa gogo, alipita kando ya kiwiko changu yule mweupe mdogo anayekimbizana na mawimbi, yule ambaye hana kidole cha nyuma mguuni, anakwenda mbio kama toi la kujaza kwa ufunguo. Alipita karibu mno, lenzi ikashindwa kumshika. Nikabaki namtazama kwa macho yangu mawili ya kuzaliwa. Siku nyingine akaja yule mwingine mnene, ambaye Desemba ni wa kijivu kama zege, sasa kavaa nyeusi toka usoni mpaka tumboni na mgongo wa fedha, kama bwana harusi anaingia ukumbini.

Watoto wa mpira nao wakazoea. Mwanzoni walikuja kunicheka, halafu kuchungulia kwenye kidirisha cha kamera, na mwishowe wakawa wanahesabu. Ndio waliogundua jambo ambalo lilinikera sana. Mimi ni mwana Jangwani, damu yangu ya kijani na njano. Dogo mmoja akachungulia, akageuka, akatoa tabasamu la kishetani: "Braza, wamevaa nyekundu na nyeupe. Tena mto huu ni Msimbazi. Hawa si ndio Wekundu wa Msimbazi wenyewe?" Toka siku hiyo hesabu ikawa: leo waliosajiliwa Simba 30, bado hawajasajiliwa 170. Kesho, waliosajiliwa 50. Nikawauliza wa Yanga wako wapi, wakanionyesha jani la mkoko.

Jumapili tarehe 16 Aprili Simba wakatufunga 2-0. Jumatatu sikutaka kwenda ufukweni, nani asikilize wale watoto! Lakini nililazimika, maana ilikuwa imeingia hela.

Jamaa mmoja anayechapisha kalenda alikuwa ameziona picha zangu. Alitaka moja tu: kundi zima likiwa angani, limejaa fremu, wekundu unaonekana, daraja nyuma. Laki tano, mkononi, ikifika kabla ya mwisho wa mwezi. Chumba changu cha Kinondoni kilikuwa kinadaiwa kodi ya miezi sita, elfu themanini kila mwezi, na mwenye nyumba alikuwa ameshaacha kunisalimia. Ukipiga hesabu hiyo ni 480,000, inabaki elfu ishirini ya kula pilau la Idi. Mungu akupe nini tena?

Siku hiyo kila kitu kilikaa mahali pake. Jua nyuma, mvua imesafisha hewa, maji yamejaa, ndege zaidi ya 150 kwenye ulimi ule ule wa mchanga, na zaidi ya nusu yao wekundu kama matofali. Watoto wanne nyuma yangu.

"Braza, tuwarushe? Buku tu."

Buku moja kwa laki tano. Kidole kiko kwenye kitufe. Kupitia lenzi nikawa naona ndege wa mbele kasimama mguu mmoja, mdomo kauficha mgongoni, amejaa, kawa duara kama andazi, jicho moja kafumba. Nikasema subirini. Wakasubiri. Wakauliza tena. Nikasema subirini kidogo. Wakachoka kusimama, wakaja kulala kando yangu, tukajipanga watu watano kama sambusa kwenye sinia.

Sitaki sifa hapa. Kama sikuwa nimezivuta karibu zile picha usiku ule wa Machi, ningewarusha, tena mara saba. Na usidhani niliikubali hasara kwa moyo mkunjufu. Siku tatu zilizofuata nilikuwa naomba kunguru au mbwa aje afanye dhambi kwa niaba yangu. Mbwa alikuja, mara moja, wakati nabadili betri. Kunguru wa Dar naye ana akili zake, yuko Feri kwenye vichwa vya samaki.

Jumanne tarehe 25 Aprili, siku moja kabla ya sikukuu ya Muungano, nilifika saa tisa nikaona mambo si ya kawaida. Wengi walikuwa hawali. Wanachokoa manyoya, wanaoga kwenye kidimbwi, wanakimbia hapa na pale. Na sauti zao zilikuwa zimebadilika, wanaitana bila kukoma, kama stendi ya mabasi alfajiri. Jua lilipokuwa linagusa mapaa ya Upanga, kikundi cha kama 40 kikanyanyuka chenyewe. Hakuna aliyekirusha. Wakazunguka juu ya daraja, wakashuka. Wakanyanyuka tena, wakazunguka, na safari hii baadhi yao, kama kumi, wakakata shauri wakarudi chini, waliobaki wakaendelea kupanda. Wakapanda mpaka wakawa mstari, mstari ukapinda, ukaelekea kaskazini juu ya Oysterbay. Nilipiga picha tatu kabla mwanga haujaisha.

Watoto walikuwa wanapunga mikono. "Msituangushe!" mmoja akapiga kelele, maana wiki hiyo Simba nao walikuwa wanakwenda Casablanca kurudiana na Wydad. Mzee alikuwa ameacha sindano ya nyavu, kasimama, kiganja kwenye paji la uso. "Upepo umegeuka tangu jana," akasema, akakaa.

Baada ya hapo ni maziwa ya Bonde la Ufa, Arabuni, mpaka huko kandokando ya Bahari ya Caspian, kula na kupumzika, halafu Siberia. Huko dume akishapanda jike anaondoka, kazi ya kuatamia na kulea anaachiwa mama peke yake. Sitoi maoni. Jambo lililonishangaza zaidi ni la panya. Kule Siberia wako panya wa baridi, wanaozaliana sana miaka fulani na kupotea miaka mingine. Wakiwa wengi, mbweha wanashiba panya, wanaviacha vifaranga vya kitwitwi. Wakipotea, mbweha wanageukia viota. Kwa hiyo makinda mangapi yatatua Afrika kuanzia Agosti, yanategemea kwa kiasi kikubwa panya waliokuwepo Siberia Julai.

Picha zangu tatu nilimpelekea jamaa wa kalenda. Alizitazama, akavaa miwani, akazitazama tena.

"Hizi ni nukta, bwana."

"Ni ndege wanaondoka, kaka."

"Umenipigia vumbi la kwenye lenzi." Kalenda yake ya 2024 ilitoka na twiga.

Wale wachumba walifunga ndoa yao Mei, na kadi yao ilisifiwa sana, ndege wametanda nyuma yao kama sinema. Nilichangia elfu hamsini. Mimi Mei hiyo hiyo nilikuwa nimeshafunga virago Kinondoni, godoro juu ya bajaji, nikarudi kwa mama Mbagala. Simba nao walitolewa kule Casablanca kwa penalti. Nilijitahidi kusikitika.

Juni nikaenda tena Salenda, daladala mbili toka Mbagala, bila sababu ya maana. Kusi inavuma, ufukwe umetulia. Mzee yuko chini ya mkungu. Pembeni ya maji walikuwepo kitwitwi kama kumi na mbili, wa kijivu, hawana hata doa jekundu.

"Na hao mbona hawajaenda?" mzee akaniuliza. Moyoni nikafurahi, leo namfundisha mimi.

"Hao ni waliozaliwa mwaka jana, mzee. Mwaka wao wa kwanza wengi hawasafiri. Hawavai nyekundu, hawaoi, wanabaki huku huku mpaka mwakani."

Akawatazama kwa muda.

"Na mama zao?"

"Wameondoka. Hawa wanajitafutia wenyewe."

"Ahaa," akasema, akarudi kwenye nyavu zake. "Wewe bado uko Mbagala?"

Nikajifanya narekebisha lenzi.